Marehemu ni Huyo Pichani

Intaneti ya Bondeni ilikuwa na maringo ya mgeni wa heshima. Ilikuja ilipotaka, ikaondoka bila kuaga, na ukiuliza ilikuwa wapi unaambiwa uwe na subira. Wakazi wengi waliizoea. Waliitumia kuangalia mpira na kutumiana picha za keki, na mpira ukiganda mchezaji akiwa mguu juu, walipanda hadi barabarani kumalizia kuutazama kwenye kibanda umiza. Sharifa hakuwa na anasa hiyo, kwa sababu yeye intaneti aliitumia kula.

Alikuwa mkalimani wa Kireno. Baba yake, Myao wa Masasi, alimpeleka angali mdogo kwa shangazi yake ng'ambo ya Ruvuma, akasoma Pemba ya Msumbiji mpaka akamaliza sekondari, kisha akarudi kupitia Kilambo na sanduku moja na lugha ambayo Mtwara nzima hakuna aliyemwomba. Ilipita miaka kabla kampuni moja ya Dar es Salaam haijagundua kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kukaa nyumbani kwake Bondeni, kata ya Mtawanya, mbele ya kompyuta, daktari akasema kwa Kiswahili hospitalini, na mgonjwa kutoka Beira akasikia kwa Kireno. Sharifa aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na alishasema hivyo mbele ya mwanamume mmoja, ndiyo maana aliishi peke yake.

Mwezi wa tisa ulipoanza, mambo yakaharibika. Daktari alikuwa akizungumza na mke wa mgonjwa, Sharifa akiwa katikati. Akafikia kusema, kwa Kireno chake safi, "Mama, daktari anasema mume wako—" na mtandao ukakata. Mama wa watu akakaa dakika kumi na moja akisubiri kujua mume wake amefanyaje. Mume alikuwa anaruhusiwa kurudi nyumbani Jumatatu, lakini hilo alikuja kulisikia wakati yeye mwenyewe ameshapimwa presha. Msimamizi wa Sharifa huko Dar, dada mpole aliyeitwa Lucy, alipiga simu kesho yake na kumwambia kwa upole ule ule kwamba hadi mwisho wa mwezi apate mtandao wa kuaminika, la sivyo watamtafuta mtu mwingine.

Mtandao wa kuaminika ulikuwepo, tena mita mia tatu tu kutoka mlangoni pake. Kampuni ya Pwani Waya ilishapitisha laini yake barabarani juu, na vijana wake waliapa wangemfungia kwa siku moja. Lakini Bondeni palikuwa na Umoja wa Wakazi, Umoja ulikuwa na katiba, na katiba ilikuwa na kifungu cha kumi na moja. Kifungu hicho kilisema kwamba maadamu mkataba wa Umoja na kampuni ya Korosho Net unaendelea, hautapita waya wala kusimama sahani ya kampuni nyingine katika viwanja vyote arobaini na vitatu. Mkataba wenyewe ulikuwa wa kujihuisha kila baada ya miaka mitatu, na kwa mara ya kwanza ungejihuisha tarehe thelathini, siku ya Jumatatu, mkutano mkuu usipoamua vinginevyo. Kutumia data ya simu nako kulikuwa kujisumbua. Bondeni ni bondeni kweli, pamejificha nyuma ya mwinuko wenye mikorosho. Simu ya kupiga inapita na maandishi yanapenya, ila kitu chochote kizito kinafia njiani.

Mwenyekiti wa Umoja alikuwa mzee Gaudensi, Mngoni wa Songea, aliyestaafu masjala ya ardhi na kuhamishia masjala yote kichwani mwake. Hakuwa mla rushwa. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mla rushwa, kwa sababu mla rushwa anazungumzika. Gaudensi alikuwa mtu wa utaratibu. Sharifa alipomfuata, alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamjibu kwamba yeye hakatai mabadiliko, yeye anataka akidi. Theluthi mbili ya viwanja arobaini na vitatu ni ishirini na nane na vipande, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, akidi ni ishirini na tisa. Mwaka ule mikutano mitatu ilishaitishwa. Wa kwanza walikuja watu tisa, wa pili sita, wa tatu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta mbuzi aliyepotea. Kila mara Gaudensi alingoja nusu saa kamili, akaandika kwenye daftari kwamba akidi haikutimia, akafunga daftari na kwenda nyumbani.

Tena Sharifa alikuwa mpangaji. Nyumba yake, kiwanja namba kumi na saba, ilikuwa mali ya mwalimu Felista, mke wa Gaudensi, ambaye alikaa na mumewe namba kumi na sita na hakuwahi kukanyaga kwenye mkutano hata mmoja kwa sababu, alivyosema, mwenyekiti anamsikia bure nyumbani. Kwa mujibu wa katiba, mpangaji alikuwa na haki ya kuhudhuria na kunyamaza.

Kitu kimoja tu hakikumo kwenye katiba. Wayao na Wangoni ni watani, tangu enzi za babu zao walipochoka kuuana, na mtani humwambia mtani wake lolote na hakuna kununa. Hapo Sharifa na mzee Gaudensi walikuwa sawa kwa sawa. Gaudensi akimwona asubuhi humwuliza kama mateka wa Kingoni siku hizi wanaruhusiwa kulala mpaka jua litoke. Sharifa humjibu kwamba Wangoni ndio watu pekee duniani waliokimbia vita kutoka kusini kabisa, wakafika huku wanahema, wakasema wamevamia. Felista husimama kando na kutikisa kichwa. Yeye alikuwa Mfipa wa Sumbawanga, na mambo hayo hayakumhusu.

Basi Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla mkataba haujajihuisha, Sharifa aliamka na hasira iliyochanganyika na kicheko. Usiku huo mtandao ulikuwa umekata tena. Akachukua kile kiboksi cha Korosho Net chenye taa nyekundu isiyozimika, akakivisha kitambaa cheupe kama sanda, akakitia pamba kwenye matundu, akakilaza juu ya mkeka na kukipiga picha. Akapanda barabarani ambako data ya simu ilipatikana, akaituma picha kwenye kundi la wakazi, na chini yake akaandika maneno haya: "TANZIA. Kwa masikitiko makubwa wakazi wa Bondeni tumepatwa na msiba mzito alfajiri ya leo. Msiba uko nyumbani kwa Mwenyekiti, kiwanja namba 16. Marehemu ni huyo pichani."

Akacheka peke yake pale barabarani mpaka muuza mihogo akamwangalia. Kichwani alimwona Gaudensi akivaa miwani, akisoma, akilazimika kucheka kwa sababu mtani hanuni, na huenda baada ya kucheka akaona aibu kidogo. Hakutarajia zaidi ya hapo. Akapanda bodaboda kwenda mjini ofisi za Pwani Waya kuchukua fomu, kwa vile fomu ni bure na kutumaini ni bure.

Jambo dogo lilimpita. Picha ile ilifunguka vizuri kabisa barabarani alikokuwa yeye. Huko chini bondeni yalifika maneno. Picha ilifika kama ukungu wa kijivu wenye duara linalozunguka, na duara likaendelea kuzunguka.

Yaliyofuata Sharifa alikuja kusimuliwa na Rajabu, jirani wa kiwanja namba tisa, anayekodisha maturubai na viti. Rajabu alisoma neno tanzia, akatazama ukungu, akaona kitu cheupe kimelala. Hakungoja picha ifunguke. Msiba ukitangazwa, mtu wa Mtwara huuliza maswali baadaye. Anayechelewa kufika ndiye atakayeulizwa maisha yake yote. Akapakia turubai. Wengine wakafunga sukari na mchele kwenye mifuko, wanawake wakajitanda khanga, na kutoka kila uchochoro wa Bondeni watu wakaanza kumiminika kiwanja namba kumi na sita. Watu hao hao mkutano wa maji hawakuja, wa takataka hawakuja, na wa mkataba waliupiga chenga mara tatu.

Gaudensi alikuwa anapunguza ua wa michongoma, na simu yake ilikuwa kabatini, maana huifungua mara moja kwa siku, saa kumi na mbili jioni. Akaona turubai linaingia getini. Akaona wanaume wanavua kofia. Mmoja akamshika mkono kwa mikono miwili akamwambia pole mzee, naye kwa mazoea ya miaka sabini akajibu kwamba ameshapoa. Hapo ndipo mambo yalipojifunga fundo. Watu wakaona mwenye msiba ameshapokea pole. Mwenye msiba akaona watu wanajua kitu ambacho yeye bado hajaambiwa, na kwa adabu akaona wazee watamweleza wakati ukifika. Akavaa shati, akakaa kwenye kiti katikati ya wanaume, mkono shavuni, akaomboleza kwa utulivu bila kujua anamwomboleza nani. Alikaa hivyo karibu nusu saa.

Ndani, wanawake walikuwa wanamtafuta Felista wamshike mikono. Felista hakuwepo sebuleni, wala jikoni, wala uani. Walipomaliza kuzunguka nyumba nzima, bibi Tatu, ambaye kwa misiba ya Bondeni ndiye anayeanza, alikaa chini, akajishika kichwa na kuachia kilio kirefu, na wengine wakakipokea. Kilio kikatoka dirishani. Gaudensi akaunyanyua uso wake. Mke wake alikuwa ameondoka asubuhi kwenda mjini na alikuwa hajarudi. Akawatazama wanaume mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akainamisha macho.

Sharifa alifika wakati huo, na fomu yake mkononi. Kutoka juu ya bodaboda aliliona turubai la buluu na moyo wake ukajua kabla kichwa hakijajua. Akapenya katikati ya watu mbio mpaka kwa Gaudensi. Mzee alikuwa bado anamtafuta mkewe kwa macho. Hakuna kicheko kilichobaki mwilini mwa Sharifa. Aliona haya. Akapiga goti mbele yake.

"Mtani, hakuna aliyekufa," akasema. "Nisikilize. Ni mzaha wangu. Hakuna aliyekufa."

Wanaume wakatikisa vichwa kwa huzuni na kwa kuridhika. Kazi ya mtani msibani inajulikana: anakuja kuchekesha wafiwa, anasema marehemu amelala tu, anajifanya kumwamsha. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba Myao ameanza kazi yake mapema. Mwingine akamwekea Sharifa noti ya elfu mbili mkononi, kama inavyompasa mtani anayefanya kazi yake. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyomsifu. Gaudensi mwenyewe alimpapasa kichwani, akamwambia kwamba anamshukuru, ila leo amwache kidogo.

Bajaji ikafunga breki getini, na ndani yake alikuwemo Felista. Alikuwa kwa fundi cherehani akipimwa gauni pale jirani mmoja alipompigia simu kumwambia arudi upesi, nyumbani kwake kuna msiba. Hakuuliza wa nani. Nyumbani kwake palibaki mtu mmoja. Alimpigia mumewe simu njia nzima, na simu ikaita kabatini. Sasa alishuka na gauni lenye mkono mmoja, chaki mgongoni na pini zimemjaa kiunoni, akaja moja kwa moja kuelekea kwenye turubai, na watu wakampisha huku wameachama.

Gaudensi alisimama. Felista akasimama. Wakatazamana kwa muda ambao Rajabu anasema ulikuwa dakika nzima na Sharifa anasema ulikuwa mrefu kuliko dakika kumi na moja. Kisha mzee akamkumbatia mkewe mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na pini zote zikamchoma, na hakuachia.

Katikati ya hayo simu ya Rajabu ikalia. Halafu ya mzee wa jirani yake. Halafu simu zote zikalia kwa pamoja, mifukoni na mikobani, uani na sebuleni, kwa sababu saa tano kasoro robo Korosho Net ilikuwa imeamua kurudi. Duara likaacha kuzunguka. Ukungu ukaondoka, na kila mtu akamwona marehemu, amelala kwenye mkeka na sanda yake, pamba kwenye matundu, taa nyekundu inawaka.

Kuna waliocheka mpaka wakakaa chini. Kuna waliokasirika, hasa bibi Tatu, ambaye alikuwa amelia kwa juhudi. Gaudensi alivaa miwani, akaitazama picha muda mrefu kwenye simu ya Rajabu, akamtazama Sharifa. Shavu likamcheza. Utaratibu wa utani ni wa zamani kuliko wa katiba, na yeye alikuwa mtu wa utaratibu.

"Kweli mateka wameamka," akasema, na kicheko kikamtoka kikavu.

Rajabu, ambaye hapendi kuona turubai limefungwa bure, akasema kwamba tangu ahamie Bondeni hajawahi kuona wakazi wengi hivi mahali pamoja, na kwa nini wasilimalize jambo la mkataba palepale. Watu wakaguna kukubali. Wote wamelizwa na huo mtandao, wakasema. Gaudensi akajibu kwamba mkutano mkuu huitishwa kwa tangazo la maandishi. Rajabu akainua simu yake. Mzee akaisoma tanzia upya, taratibu, akalazimika kukiri kwamba hayo ni maandishi na yamewafikia wanachama wote. Akaagiza daftari. Akahesabu watu kwa kidole, kiwanja kwa kiwanja, huku midomo inamcheza, na alipofika mwisho uso ukamng'aa kidogo.

"Ishirini na nane," akasema. "Akidi haijatimia."

Sharifa aliuona mwezi wa tisa unamwishia. Kesho kutwa mkataba ungejihuisha, Lucy angepiga simu kwa upole wake, na Kireno chake kingerudi sandukuni. Kisha Rajabu akauliza kiwanja namba kumi na saba kimehesabiwa na nani. Macho yote yakaenda kwa mwenye kiwanja namba kumi na saba, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akichomoa pini kiunoni moja baada ya nyingine.

Kati ya watu wote wa Mtawanya, Sharifa alimhitaji huyo, na ndiye aliyekuwa hana utani naye. Gaudensi alilazimika kusamehe. Felista hakulazimika chochote. Sharifa akamfuata, akashindwa hata kutengeneza sentensi, yeye anayelipwa kutengeneza sentensi za watu wengine. Alisema tu, nisamehe mwalimu, nimekosa.

"Nimekaa mjane kutoka kwa fundi mpaka hapa," Felista akasema. "Wewe ni mtani wake, siyo wangu. Kwangu mimi utalipa."

Akawageukia watu. Akasema wamekuja msibani, na msibani husomwa wasifu wa marehemu. Yeye ndani ya bajaji alikuwa anajiuliza ni nani atausoma wa mume wake na atasema nini, maana mbele yake watu hawasemi ila malalamiko. Sasa anataka kuusikia. Akishausikia, ndipo ahesabiwe. Na atakayeanza ni Sharifa.

Gaudensi alitaka kupinga kwamba halimo kwenye agenda, lakini mkewe alimwambia kwamba marehemu hakatizi.

Sharifa akasimama. Alidhani angetafuta maneno, akakuta yamemngoja. Akasema kwamba miaka mitatu iliyopita hakuna kampuni iliyotaka kushuka bondeni, wote walisema nyumba chache, njia mbaya. Huyu mzee alichora ramani ya viwanja arobaini na vitatu kwa mkono wake, kila kiwanja na rangi yake, akaizungusha ofisi kwa ofisi kwa miguu na kwa bajaji, na aliporudishwa alirudi tena. Korosho Net ndio pekee waliokubali, naye akawapa neno lake. "Tunamlaumu kwa intaneti mbovu," Sharifa akasema, taratibu, kwa sababu ndiyo kwanza anaufikia ukweli huo akiwa anauzungumza. "Bila yeye mimi nisingekuwa hata na hiyo mbovu. Kazi yangu ilianzia kwenye ramani yake."

Akakaa. Bibi Tatu, ambaye machozi yake hayako mbali, akasimulia jinsi Gaudensi alivyolitafuta jalada la mafao ya marehemu mumewe lililopotea miaka minane, akalikuta limewekewa kikombe juu. Rajabu akaeleza jinsi mzee alivyomwandikia barua ya mgogoro wa mpaka, mistari sita tu, na jirani mkorofi akahama mwenyewe. Wakaendelea hivyo mmoja baada ya mwingine. Gaudensi alikaa akitazama viatu vyake. Mara mbili alitoa leso akasema ni vumbi.

Walipomaliza, Felista akanyoosha mkono, akahesabiwa. Ishirini na tisa. Gaudensi akaandika, akaifafanua hoja kwa namna anayoijua: mkataba wa Korosho Net uendelee, na hoja isiyopata kura nyingi itakuwa imeanguka. Mwenyekiti hapigi kura, akakumbusha, isipokuwa kura zikilingana, hapo yake ndiyo inayoamua.

Ndipo Sharifa akaona alichokifanya. Watu waliokuwa wakiulaani mtandao dakika ishirini zilizopita sasa walimtazama mzee kwa macho ya unyevunyevu. Nani atainua mkono kumpinga mtu ambaye ametoka kumlilia? Bibi Tatu akaunga mkono mkataba uendelee, akimwangalia Gaudensi kwa huruma. Wakamfuata wengine ambao tangu mwezi wa pili hawajafungua picha hata moja. Sharifa alikuwa ameuza shauri lake mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe, na hakuweza hata kujuta kuyasema. Gaudensi akahesabu mikono ya kukubali: kumi na minne. Akahesabu ya kukataa, wa Rajabu ukiwemo na wa Felista ukiwemo, mkono usio na kitambaa. Kumi na minne.

Mzee akafunga kalamu, akaifungua tena. Alikuwa amewapa Korosho Net neno lake, na kila mtu aliona mkono wake wa kulia umeanza kupanda.

"Weka mkono chini," Felista akasema. "Marehemu hapigi kura."

Mkono ukasimama hewani. Gaudensi akamwambia kwa utulivu wa masjala kwamba kwa hoja hiyo hata yeye Felista ni marehemu, maana wanawake walishamlilia, na kwa masikio yake amesikia.

"Mimi nimefufuka, nimekuja kwa bajaji mbele ya watu," Felista akajibu. "Wewe tangu asubuhi hujatoka humu. Umepewa pole ukasema umeshapoa. Umekaa chini ya turubai lako. Umesomewa wasifu, ukasikiliza mpaka mwisho, na machozi ukafuta. Wakati wa kukanusha ulikuwa pale." Kisha akashusha sauti, na mzaha ukamtoka. "Gaudensi, kama ile picha ingefunguka, nisingelia."

Mzee alimtazama mke wake, gauni lake lenye mkono mmoja, alama za pini kwenye viganja vyake yeye mwenyewe. Akaifungua katiba. Akaipitia kutoka kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, kwa kidole, bila haraka, na Sharifa akasimama akiwa ameifinyanga ile fomu ya Pwani Waya mpaka imekuwa laini. Hakikupatikana kifungu kinachomruhusu marehemu kupiga kura.

Basi hoja ikaanguka, na mkataba pamoja nayo. Sharifa akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya watu wote, akalia kilio ambacho bibi Tatu mwenyewe alikikubali. Felista alimwacha alie kiasi, kisha akamwambia ainuke akabandike masufuria, kwa kuwa mchele ulioletwa msibani haurudi nyumbani na mpishi amejulikana.

Gaudensi alibaki mezani. Akaandika muhtasari kwa herufi zake za masjala, kisha akausoma kwa sauti ili wajumbe wauthibitishe: kwamba kura zililingana, kwamba mwenyekiti hakutumia kura yake ya uamuzi kwa sababu wakati huo alikuwa amefariki, na kwamba mkataba hautahuishwa. Sharifa, kutoka jikoni, akainua mwiko kuunga mkono. Gaudensi akamkumbusha kwamba mpangaji hana haki hiyo, hasa akiwa Myao. Kisha akaandika jina lake chini ya ukurasa, akaweka sahihi na tarehe, kwa sababu muhtasari usio na sahihi ya mwenyekiti si muhtasari.